Ubeti wa Shekue

Miezi mitatu Shekue alikuwa amemkaushia Zuhura. Akipigiwa simu hapokei, akitumiwa salamu hajibu, na sababu hakuitaja. Miaka saba walikuwa wameimba harusini pamoja, huyu ubeti wake, yule wake.

Siku ya harusi ya binti wa kinyozi ukumbi ulifurika, na Shekue hakutokea.

“Dada Zuhura, tuuache ule wimbo wenu?” aliuliza mpiga kinanda.

“Piga.”

Zuhura aliimba ubeti wake. Ulipofika wa Shekue aliishusha sauti hadi chini kabisa, akauimba na huo. Sauti ilimtoka nene, nzito, ambayo hakuwahi kujua kuwa anayo. Wanawake waliinuka kwa vigelegele, na bibi harusi akasahau kuinamisha uso.

Hapo ndipo Shekue alipoonekana mlangoni, midomo yake ikiufuata wimbo bila sauti. Zuhura alimwona. Alitabasamu, akamgeukia mpiga kinanda.

“Pandisha kidogo. Tunarudia toka mwanzo, beti zote mbili naimba mimi.”

Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili, na ukumbi mzima ukavuta pumzi.