Shikamoo ya Kurwa

Kwenye shughuli ya mtaani, binti aliyekuwa anagawa chakula akainama mbele ya Kurwa. "Shikamoo mama." Halafu akamgeukia Doto. "Mambo dada. Umemleta mama leo?"

Yaani hawa ni mapacha, walitoka tumbo moja siku moja. Kurwa roho ikamchoma kabisa.

"Unajipaka nini wewe?" akamnong'oneza Doto.

"Sijipaki kitu, dada. Nakula mboga na matunda ya kila rangi, miaka nenda rudi. Kilichomo kwenye ile rangi ndicho kinachosaidia macho, mishipa na hata ngozi. Si wewe ulikuwa unaniita mbuzi?"

Kurwa akaivuta sahani ya Doto, yenye mchicha, karoti na kipande cha papai. Yake, iliyojaa nyama za kukaanga tupu, akaisukuma kwa pacha wake.

"Kula, mdogo wangu. Ushibe."

"Dada, haiji kwa siku moja."

Kurwa alitafuna mchicha taratibu, macho yote kwenye mkono wa Doto, uliokuwa umesimama juu ya nyama zinazong'aa mafuta.