Jogoo Aziba Banda

Julai, baridi ya Makete ilipokaza, Jogoo aliziba kila tundu la banda kwa nyasi. Bata, mwenye vifaranga wanane, alimsihi aache tundu moja karibu na paa.

"Mzee, pumzi zetu zitalowesha maranda tunayolalia. Wanangu wataugua."

"Mama Bata, wewe ni mtaalamu wa matope. Anayetaka upepo, mlango ule pale."

Bata alimshukuru kwa heshima, akatoka, akawalaza wanawe chini ya mbawa zake ndani ya lundo la mabua makavu.

Alfajiri Jogoo alipanua mdomo awike, kikatoka kikohozi. Maranda yalikuwa chapachapa, na kuku wote walipiga chafya. Nje, vifaranga wanane walikimbizana juu ya umande ulioganda.

"Shikamoo, mzee," alisema Bata. "Naona joto limewakolea."

Jogoo alikohoa kwa hadhi, kisha akaunda kamati ya kumtafuta aliyemwaga maji bandani. Mshukiwa wa kwanza alikuwa Bata.