Mstari wa Ndoo

Mheshimiwa alikataa kupigwa picha mpaka aletewe ndoo.

“Ndoo yenyewe ina maji ya deki,” mkewe alisema kutoka jikoni.

“Yamwage.”

“Niyamwage, halafu sakafu uipige deki kwa hotuba?”

Mwalimu wa historia, binti aliyekuja na simu ya kurekodia, aliinamisha uso asionekane akicheka. Hatimaye ndoo ililetwa, ikafutwa kwa kitambaa, na mzee akaipakata kama mjukuu.

Jimbo lao lilikuwa dogo, la viungani mwa mji, na tangu kuzaliwa mpaka kufutwa lilipata wabunge wawili tu. Wa kwanza, Bwana Matofali, mwenye tanuri na malori, alikalia kiti mpaka watu wakadhani ni cha kurithi. Wa pili alikuwa huyu mzee, enzi hizo fundi redio asiye na hata baiskeli. Alimwangusha Bwana Matofali mchana kweupe. Kabla hajakizoea kiti, tume ikachora mipaka upya, jimbo likagawiwa majirani kama mkate, naye akarudi kwenye redio zake. Kilichobaki ni kuitwa Mheshimiwa, na hilo hakukubali limponyoke.

Sasa halmashauri ilikuwa imejenga ukumbi, na ukumbi ulitaka jina. Watoto wa Bwana Matofali walitaka uitwe kwa jina la baba yao. Walidai fundi redio alinunua kura, maana mtu asiye na mbele wala nyuma angeshindaje? Mwalimu alikuwa ametumwa kuwauliza wazee waliobaki, na neno lake ndilo lingeamua. Mzee hakuwa akilala vizuri tangu asikie maneno hayo. Umaskini aliuzoea, kuitwa mwizi kulimuuma.

“Tulipiga kura kwa mstari,” alianza. “Karatasi hakuna. Unasimama nyuma ya wakala wa mtu wako, mnahesabiwa, basi. Kila mgombea na alama yake. Bwana Matofali akapata taa. Mimi nikapata ndoo. Walivyonicheka, we acha tu!”

“Hata mimi nilicheka,” mkewe alisema, akiweka chai mezani.

“Pale uwanja wa shule, upande wake wakawahi kivuli. Wakala wangu akasukumiwa kona ya tope. Mimi nilifika nimechelewa, nimeshakata tamaa. Mwanangu, nilichokiona! Mstari umetoka kule konani, umeuzunguka uwanja, na kila mtu ana ndoo yake! Wengine wana mbili! Sikumwambia mtu abebe. Ni mapenzi tu.” Alijifuta macho kwa mkono wa shati. “Bwana Matofali kuona vile, akaleta soda za bure upande wake. Jua linachoma kwelikweli. Unadhani kuna mtu wangu aliyetoka mstarini? Hata mmoja!”

“Hata mmoja,” mkewe aliitikia.

“Na wa mbele kabisa alikuwa binti mmoja, ndoo kichwani, amekunja uso kama askari wa zamu. Nikasema moyoni, imani kama hii siiachii ipite. Nilipokwisha kuapishwa tu, nikapeleka posa.”

“Hakuwa hata amenunua viatu,” mkewe alisema. “Aliapa na vya kuazima.”

Mwalimu alimgeukia. “Mama, basi shahidi mkubwa ni wewe. Hawa watu wanasema mlilipwa.”

Mama alimtazama mumewe. Mzee alikuwa ameishika ndoo kwa mikono miwili, ametulia kama mtu anayesubiri majibu ya daktari, na utani wote ukamtoka mama usoni.

“Andika hivi,” alisema. “Hatukupewa hata senti. Hakuna aliyetubembeleza, hakuna aliyetutisha. Tulitoka majumbani mwetu alfajiri, kwa miguu yetu, na ndoo zetu wenyewe. Ungetuletea soda, ungetuletea pilau, mstari ule tusingeuacha. Haya nayaapia popote, hata mbele ya hao watoto wa Matofali.”

Mzee alilia waziwazi, na picha ikapigwa hivyohivyo, ndoo na machozi. Mwalimu alisema kwake suala limekwisha. Jina la Mheshimiwa ndilo litakaloandikwa juu ya mlango. Mzee akamshukuru, akamshukuru tena, na alikuwa anaanza hotuba mkewe alipomkonyeza mgeni kwamba anyanyuke sasa au alale hapo.

Mama alimsindikiza mpaka getini.

“Mama, hapa simu nimeizima,” mwalimu alisema. “Nauliza kama mwanao tu. Mwanamume hana gari, hana jina, alama yake ndoo. Wewe uliona nini kwake hata ukawatangulia watu wote?”

Mama aligeuka nyuma. Mzee alikuwa amesimama dirishani akiwapungia kwa mkono wa kibunge, taratibu, kama mbele ya umati. Naye akampungia. Alimpenda sana wakati ule, na lilionekana.

“Yule ni mtu mwema, mwanangu. Kuolewa naye sijajutia hata siku moja,” alisema, akifungua komeo. “Lakini pale konani palikuwa na bomba, na siku ile ilikuwa zamu ya mtaa wetu kupata maji. Wakala wake alipofika, alitukuta tumeshapanga foleni.”