Gari la Mama wa Alhamisi

Nkulu alisimamisha kijiti kando ya mlango wa nyuma wa teksi yake, akakitazama kama hakimu, akatikisa kichwa. Kizingiti cha mlango kilikuwa kimepita ile alama aliyoikata kwa kisu kwenye kijiti.

"Ingali juu, Tata Aruna. Bidole bitatu."

Fundi Aruna alifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Ilikuwa Julai, baridi ya Kolwezi inauma mpaka mifupani, naye tangu alfajiri alikuwa amelala chali juu ya saruji. Alichoka hoi. Hii ilikuwa mara ya tatu Toyota hiyo kuletwa kwake, na kila iliporudi alijilaumu kwa kukubali kazi ya kichaa. Zaïre nzima inainua magari kwa sababu ya mashimo. Huyu anataka lake lishuke, tena limbebe mtu kama godoro.

Mara ya kwanza Aruna alikata springi za mbele. Gari likashuka vizuri, lakini likawa gumu kama mkokoteni. Mara ya pili alipunguza vyuma vya springi za nyuma. Likawa laini, ila wakikaa watu wawili tu, tumbo la gari linagonga ekseli kwenye kila shimo. Leo alikuwa amerudisha vyuma viwili, na gari likapanda tena.

"Chini na laini habikai nyumba moja, citoyen. Chagua."

"Siwezi kuchagua," alisema Nkulu. "Hii alama njo mwisho mugulu yake inafika. Mulango ikipita hapa, hawezi kupanda."

"Mugulu ya nani?"

"Ya mama mumoja. Kila juma minamupeleka ku hôpital, bamupige sindano ya mugongo."

Aruna akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Mama! Sema tu ni deuxième bureau yako, bibi ya pembeni. Bibi yako anajua?"

Nkulu hakucheka. Alieleza kwamba Alhamisi iliyopita, walipovuka reli kwenye njia ya Musonoi, yule mama aliuma kitenge chake mpaka kikachanika. Aliposhuka alisema basi, hatakwenda tena gari likiwa vile. Na daktari alikwisha kumwonya: akiacha sindano, kabla ya mvua za kwanza miguu itakuwa imekufa.

"Njo maana mi niko hapa," alisema Nkulu. "Ye mwenyewe alisema, ile kazi upeleke kwa Aruna, hakuna mungine."

Sifa haikataliwi. Kumbe jina lake limefika hata kwa wagonjwa asiowajua! Aruna akajihisi mrefu kidogo.

"Iko na bwana?"

"Iko naye. Anasema bwana anarudiaka amechoka, hapendi kumusumbua."

"Amechoka!" Aruna alitema mate pembeni. "Na sisi hatuchokake? Bibi anakufa magulu, ye analala tu. Siku nitamukuta ule mutu, nitamufundisha."

Hasira ile ilimpa nguvu kuliko chai. Alifanya kazi mpaka jua likazama bila kupata jawabu.

Nyumbani hakuwa na hamu hata ya kunawa uso. Mkewe, Mwanvua, alimwekea bukari ya mahindi na matembele, akasimama ameegemea mlango mpaka amalize. Aruna alitaka kumhadithia habari za yule bwana asiye na haya, lakini ulimi ulikuwa mzito. Mwanvua naye alionekana ana neno.

"Kuna kitu?" aliuliza Aruna, macho yameshafumba nusu.

"Hapana, Baba Latifa. Ulale tu, umechoka."

Akatandika mkeka wake chini, kama alivyozoea tangu mwezi wa tano, akisema kitandani kuna joto. Aruna akajinyoosha kitanda kizima, akamshukuru Mungu kwa nafasi.

Jumatano jawabu likaja lenyewe. Alirudisha vyuma vyote vya springi za nyuma, kisha akapachika pande la chuma kati ya springi na ekseli iliyokaa juu yake: gari likakaa chini, na springi ikabaki na ulaini wake wote. Mbele akatupa zile alizokata, akafunga springi laini za gari dogo lililokufa zamani, pamoja na amotisa mpya ili lisirukeruke. Alhamisi asubuhi Nkulu alisimamisha kijiti chake. Kizingiti kikalala sawasawa na alama.

"Panda nyuma, pale anakaliaka," alisema Nkulu, furaha imemjaa. "Twende kumubeba. Utasikia ye mwenyewe."

Aruna hakungoja kuombwa mara mbili. Alitaka kuiona kazi yake, na zaidi alitaka kumwona yule bwana.

Walivuka reli bila kishindo. Mashimo yalipita chini yao kama mambo ya watu wengine. Kiti kilimbembeleza, jua la asubuhi likampasha joto shavu, na kabla ya kufika sokoni fundi Aruna alikuwa amelala, mdomo wazi.

Honi ndiyo iliyomwamsha. Alifumbua macho, akaona lango lake, na mashati yake mwenyewe yameanikwa kwenye kamba. Akatabasamu. Huyu Nkulu ana roho nzuri. Ameona mtu amechoka, akamrudisha kwake akalale.

"Aksanti, Nkulu, lakini mi nitalala kisha. Hapa ni kwangu. Twende kwanza kumubeba ule mama."

Nkulu akageuka, akamtazama bila kuelewa.

"Njo ule anatoka," akasema.