Mchapie Ile ya Kwanza

Mpiga ultrasaundi alimpaka binti yangu jeli ya baridi tumboni, akanitania: "Bibi, mjukuu wako mbishi huyu. Amekupa kisogo."

Binti yangu akacheka mpaka tumbo la miezi saba likatikisika. Damu aliyokuwa akiiona chooni alisema ni bawasiri tu za mimba. Daktari aliyetutuma hapa alikuwa ameninong'oneza mimi peke yangu kwamba anashuku saratani ya utumbo, na kwamba leo ini nalo litazamwe kama imefika huko.

Mkono wa mpiga ultrasaundi ukamwacha mtoto, ukapanda hadi chini ya mbavu za kulia, ukatulia hapo. Kwenye kioo kikatokea kitu cha mviringo, kikubwa kama ngumi. Utani ukamwisha.

Niliitazama jeli ikikauka pembeni mwa kitovu, ikifanya utando mwembamba kama ute wa yai. Sikusikia uchungu wala woga. Niliitazama tu.

"Mama, umekiona kichwa chake?" binti yangu akauliza, kidole kikielekea kule kule kwenye mviringo. "Tuchapiwe picha hiyo hiyo, nikamwonyeshe baba yake."

Mpiga ultrasaundi akageuka, akanitazama mimi.

"Mchapie ile ya kwanza, ya kisogo," nikamwambia. "Hapa mtoto hajakaa vizuri."