Jina la Kuchukulia Dawa

Jina lake mwenyewe Romano alilikumbuka vizuri. Lililompotea ni lile jingine, lile la kuchukulia dawa.

"Jina yako nani, mzee?" karani aliuliza kwa mara ya pili. Nyuma ya Romano foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Alipapasa mifuko. Kadi ya kliniki ilikuwa imebaki nyumbani Koboko, ndani ya koti la kanisani. Miaka kumi na minne alikuwa akiipita kliniki ya karibu na kwake na kusafiri hadi Arua, mahali asipojulikana, kuchukua dawa za virusi vya UKIMWI kwa jina ambalo mama yake hakumpa. Halikuwahi kumtoka hata siku moja. Leo alilitafuta, hakuliona.

"Mzee, watu wanangoja."

Akataja la kweli. Romano Yengi, wa Koboko. Alilitaja kwa sauti ndogo, karani akamwomba arudie, akarudia, na benchi zima likasikia. Karani alipekua daftari, akatikisa kichwa. Mtu huyo hayumo.

Haikuwa aibu ya kwanza. Romano alikuwa mkalimani wa kanisa. Mhubiri akisema Kiswahili, yeye alikigeuza Kikakwa papo hapo, na watu walicheka pa kucheka na kulia pa kulia. Jumapili iliyopita mhubiri alisema "msamaha", Romano akabaki mdomo wazi. Neno la Kikakwa alilolijua tangu utotoni halikuja. Mhubiri alirudia. Halikuja. Mzee mmoja wa kanisa alimpokea kipaza sauti kwa upole, na akina mama wa benchi la mbele wakanong'onezana kwamba Romano siku hizi anakunywa.

Hakubisha. Afadhali wadhani ni pombe. Wiki nzima hakutoka nje ya ua. Alimwambia mkewe, Ocokoru, kwamba ni mafua. Leo asubuhi alipoaga kwamba anakwenda Arua kutafuta vipuri vya baiskeli, Ocokoru alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Utarudi saa ngapi?" aliuliza. Baada ya kidogo akauliza tena.

Amenichoka, Romano aliwaza, na hakumlaumu.

"Albert yangu. Unafanya nini hapo?"

Alikuwa Sista Laetitia, muuguzi aliyemhudumia miaka yote hiyo. Albert. Ndilo. Romano alimfuata chumbani, macho yakiwa yameanza kulowa, na mlango ulipofungwa akamweleza yote: jina la uongo, koti, kanisa, neno lililokataa kuja.

"Vidonge sijaruka hata siku moja, Sista. Sijui nimekosa wapi."

"Hujakosa." Sista alivuta kiti karibu. "Dawa imelaza virusi, vipimo vyako viko vizuri. Lakini mwili wako umepigana miaka mingi na bado unapigana. Kupigana huko kunaleta uvimbe mdogo mdogo wa ndani, hata kwa ubongo. Kuna wanaopoteza maneno, kuna wanaosahau siku. Si wewe peke yako. Daktari atakupima aone kama ni hiyo ama kitu kingine. Ila unahitaji mtu wa nyumbani wa kukukumbusha. Iko nani?"

"Mke."

"Anajua?"

Romano alikumbuka ni mara ngapi Ocokoru alimwekea chakula na kusubiri, kama mtu mwenye neno, na yeye akainamia sahani. Miaka kumi na minne ya kulala kitanda kimoja na mwanamke mwema, akimdanganya kila mwezi kwa vipuri vya baiskeli. Kusahau neno mbele ya kanisa kulikuwa kudogo.

"Hajui," alisema. "Nataka ajue leo. Nikirudi nyumbani nitaogopa."

"Mpigie."

"Nikipiga mimi, nitakata. Piga wewe, Sista. Ukishamsalimia, nitasema mwenyewe."

Alimsomea namba kutoka kwenye simu yake, polepole, na Sista akaibonyeza kwenye simu ya mezani ya kliniki. Akaweka sauti ya nje, akamsogezea. Romano alishika ukingo wa meza. Maneno alikuwa nayo yote, hakuna hata moja lililopotea: Mama Phiona, mimi ni mgonjwa, nilikuficha, unisamehe.

Simu iliita mara mbili, ikapokelewa.

"Sista, nisamehe kwa kukosa kuja Alhamisi," Ocokoru alisema kwa haraka, kabla hajasalimiwa. "Baba Phiona alikaa nyumbani wiki nzima, sikupata njia. Leo ndiyo ametoka, ila yuko huko huko Arua. Kesho nakuja kuchukua dawa yangu. Ila tafadhali, Sista, usipige akiwa hapa. Yeye hajui."