Jina Lililozoeleka

Mzee Mwinchande hakuwa na uraia wa nchi ya baridi alikozeekea, hakuwa na shamba wala nyumba ya kumrudisha, na kubwa kuliko yote, hakuwa na moyo mtulivu. Siku hizo viza ya utalii hakupewa mtu ambaye moyo wake ulishtuka akitajiwa jina la aliyeko huko aendako. Huyo, walisema, harudi. Mara tatu mashine ya ubalozi ya kupima mapigo ilimtajia Raya, bintiye aliyejifungua ng'ambo ya pili, na mara tatu ikamkataa.

Basi kila asubuhi, chai ikipoa mezani, mkewe Bi Mize alimshika kifundo cha mkono na kumtajia jina hilo ili alizoee.

"Moyo umeruka tena! Mzee mzima kama mwari!" alimcheka.

Mara ya nne akapita. Bi Mize alimpokea kwa vigelegele, akamshika mkono kwa mzaha.

"Raya."

Mapigo hayakubadilika.

"Raya, Baba Raya! Raya wetu!"

Bi Mize akauachia mkono taratibu.

Jioni mzee alimwandikia bintiye kwamba wamemnyima tena. Heri aulaumu ubalozi kuliko moyo wa baba yake. Akaigundisha bahasha, akaenda mwenyewe kuitia posta.